Roswitha Hentschel, Aliyewatetea Watu wa Kale wa Lohenberg

Wapendwa waombolezaji, mchungaji wetu, ndugu, majirani, na nyote mliopanda kilima hiki katika baridi ya leo ili kumsindikiza mama yetu, familia imemkabidhi mwanawe Eckart kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa marehemu hakupenda msomaji ajiweke mbele ya habari, Eckart atatajwa hapa kwa jina kama wanavyotajwa wengine, na pale ambapo hatasifiwa, mjue kwamba msomaji amekubali.

Marehemu Roswitha Hentschel, kwa ukoo wa baba yake Pohle, alizaliwa Jumapili tarehe 6 Februari 1944 hapa Lohenberg, katika nyumba ya nyuma ya kiwanda cha kitani, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Bwana Alwin Pohle, seremala, na Bibi Ottilie, mfuaji nguo. Baba yake alichukuliwa vitani kabla binti hajajifunza kutambaa, hakurudi, wala kaburi lake halikujulikana, hivyo watoto wote watatu walilelewa kwa mikono miwili ya mama, mikono ambayo marehemu alizoea kusema ilikuwa imechubuka kwa sabuni hadi haikuweza kushika sindano, lakini haikuwahi kushindwa kushika mtoto.

Aliingia shule ya msingi ya mji huu Septemba 1950, na alikuwa darasa la nne siku mwalimu alipowaambia watoto kwamba watu wa Zama za Kati waliishi kama nguruwe, kwamba mtu alioga mara mbili tu, siku ya kuzaliwa na siku ya kuzikwa, darasa zima likaangua kicheko, naye akakimbia nyumbani kumsimulia mama yake. Bibi Ottilie alikuwa ameinamia beseni la mashuka ya hospitali, hakuinua kichwa, akauliza tu, “Na nepi nani alifua, siku zote hizo za katikati?”

“Hawakufua, mama. Mwalimu kasema.”

“Mtoto asiyebadilishwa nepi hulia, na mtoto anayelia halali, na asipolala yeye halali mtu. Kamuulize mwalimu wako kama mama wa zamani walikuwa viziwi.”

Roswitha alikwenda akauliza, neno kwa neno, akasimamishwa pembeni akitazama ukuta mpaka kengele ilipolia, na hadi uzeeni alieleza kwamba katika pembe ile ndipo alipojua kwamba kitu kinaweza kusemwa na mtu mwenye chaki, kikachekewa na watu arobaini, na bado kisiwe kweli.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1958 akiwa wa kwanza, lakini mwaka huohuo vijana walitakiwa kula kiapo cha serikali, yeye akachagua kipaimara katika kanisa hili, na kwa sababu hiyo mlango wa shule ya juu ukafungwa mbele yake. Hakulia, au kama alilia hakuna aliyemwona, akaingia kiwandani kuzungusha nyuzi kwa miaka mitatu na nusu, na tarehe 1 Aprili 1962 akapata kazi ya kukata tiketi na kufagia ngazi katika makumbusho ya ngome yetu, ambako makabati yalijaa vitabu vya baraza la mji vya miaka mia sita iliyopita, ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma. Mchungaji wa wakati ule alimfundisha Kilatini na mwandiko wa kale kila Jumatano kwa miaka minne, bila malipo ila mayai ya kuku wa Bibi Ottilie, na baadaye, kati ya mwaka 1971 na 1975, alisoma kwa njia ya posta kozi ya utaalamu wa makumbusho mjini Leipzig, akafaulu vizuri sana, na mwaka 1976 mfagiaji wa ngazi akawa mkuu wa nyumba ile ya makumbusho.

Jumamosi tarehe 21 Mei 1966 alifunga ndoa na Bwana Gottlob Hentschel, fundi wa mitambo ya kufuma, mtu wa maneno machache, ambaye alipoulizwa na wenzake anaishije na mke anayeongea na wafu kutwa, alijibu, “Akirudi nyumbani anakuwa ameshaongea, na mimi nakula kwa utulivu.” Mungu aliwajalia watoto watatu. Dorothea alizaliwa tarehe 3 Machi 1967 na kufariki tarehe 14 Machi mwaka huohuo, Eckart alizaliwa tarehe 19 Agosti 1969, na Irmela, ambaye yuko nasi hapa mbele pamoja na watoto wake wawili, alizaliwa tarehe 30 Januari 1973. Juu ya Dorothea hapakusemwa neno katika nyumba ile kwa miaka kumi na moja, na watoto waliofuata walikua bila kujua kwamba walikuwa na dada.

Kazi yake wengi wenu mnaijua, kwa kuwa hakuna mtu aliyesoma hapa mjini ambaye hakupitishwa naye kwenye vyumba vile akiwa mtoto, na hakuna aliyetoka na ujinga ule aliokwenda nao. Mkisema kwamba watu wa kale walitia pilipili nyingi ili kuficha nyama iliyooza, aliwauliza ni nani kati yenu angenunua kiungo kilichovuka bahari mbili halafu akimwage juu ya mzoga, wakati mchinjaji yuko mtaa wa pili, na mkisema walidhani dunia ni bapa kama sahani, aliwaonyesha mchoro wa mtawa mmoja aliyeichora dunia kama tufaha, akawapa muda wa kuona haya. Aliwapenda watu wale kama mtu anavyowapenda majirani zake, bila kuwafanya malaika, akijua nani aligombana na nani juu ya uzio, nani alimwaga taka mbele ya mlango wa mwenzake, na kwamba mwaka 1412 mji huu mdogo ulikuwa na nyumba ya kuogea yenye jiko la mawe, mapipa kumi na mawili ya mbao na msimamizi mwanamke, ambaye baraza lilimwonya mara tatu kwa sababu wateja waliimba kwa sauti kubwa mno.

Mwezi Juni 1978 mafundi walichimba mtaro wa maji kando ya ukuta wa kanisa la kale kule chini, wakakuta mifupa midogo, chini kabisa ya ukingo wa paa, watoto kumi na sita wamelazwa mmoja baada ya mwingine. Marehemu alielewa mara moja, kwa kuwa alikuwa amesoma juu ya desturi hiyo, kwamba hao ni watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, ambao sheria ya kanisa la wakati ule haikuwaruhusu kulala makaburini, na wazazi wao waliwaleta hapo kwa siri ili mvua inayotiririka kutoka paa la nyumba ya Mungu iwaangukie na kuwa ubatizo wao. Alikuja profesa mmoja mgeni kutazama, mtu msomi na mpole, akasema kwa nia njema kabisa kwamba wazazi wa zama zile hawakuhuzunika kama sisi, kwa kuwa watoto walikufa wengi, walizoea, wakazaa wengine.

Roswitha alikuwa amepiga magoti ndani ya mtaro. Katika kifua cha yule mdogo kuliko wote palikuwa na ndege wa udongo, firimbi ya mtoto, ya ukubwa wa kidole gumba. Akainuka nayo kiganjani, akamsogezea profesa, akasema, “Profesa, aliyezoea hampi marehemu kitu cha kuchezea.”

Yule bwana akavua kofia, na kwa heshima yake lazima isemwe kwamba katika kitabu alichoandika baadaye aliyaandika maneno hayo, akataja ni ya nani.

Siku hiyo mezani, watoto wakiwa wameketi, marehemu alisema, “Dorothea angekuwa na miaka kumi na moja sasa.” Gottlob aliweka kijiko chini, akasema, “Nilidhani umenikataza kumtaja.”

“Mimi nilidhani wewe ndiye uliyenikataza.”

Eckart, mwenye miaka minane, aliuliza Dorothea ni nani, na wazazi wake wakamwambia yote, mpaka rangi ya kofia yake ya sufu, wakipokezana kama watu wanaobeba kitu kizito ngazini, na tangu mwaka ule kila tarehe 3 Machi nyumba ile ilipika keki.

Sasa tunafika mahali ambapo msomaji aliwaomba ndugu zake ruhusa ya kusema kweli. Baada ya mashariki na magharibi ya nchi yetu kuwa moja, kiwanda cha kitani kilifungwa mwaka 1991, Gottlob akapoteza kazi ya miaka thelathini, Eckart akapoteza ya miaka minne, na mji ukawa mji wa watu wanaokaa madirishani. Ndipo alipokuja Bwana Terhorst, mfanyabiashara kutoka magharibi, aliyetaka kukodi ngome nzima na kuigeuza kuwa nyumba ya mateso ya kale, yenye minyororo, majoho ya wanyongaji, na katikati sanduku la chuma lenye umbo la mwanamke na misumari ndani yake, na aliahidi kazi thelathini. Marehemu alikataa. Watu wakaandika ombi kwamba aondolewe, na sahihi ya tatu katika ombi lile ilikuwa ya Eckart Hentschel.

Mkutano ulifanyika Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1993 katika ukumbi wa mji, watu wakijaa hadi ngazini. Marehemu alisimama na daftari lake, akaeleza kwamba vifaa vile havikuwahi kutumika katika mji huu, kwamba vingi vilibuniwa na watu wa juzi ili wajione wema kuliko babu zao, na kwamba mahakama ya Lohenberg kwa miaka mia moja na kumi iliwatoza watu faini na kuwafukuza, lakini ilimnyonga mtu mmoja tu. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, “Mama, huyo mmoja hatuletei watalii!” na ukumbi ukacheka, hata yeye akatabasamu. Kisha akasimama Eckart.

“Mama, wafu hawana njaa. Sisi tunayo.”

Marehemu alimtazama mwanawe, akasema, “Wafu hawawezi kujisemea, Eckart. Wananihitaji mimi kuliko wewe unavyonihitaji.”

Kura zilipigwa, akashindwa kwa kura nyingi, akaachishwa ukuu wa nyumba na kuachiwa chumba kimoja cha juu chenye vitabu, kwa kuwa Bwana Terhorst hakuwa na kazi nacho. Mama na mwana hawakusemeshana miezi kumi na minne. Gottlob alikula chakula cha mchana kwa mke wake na kahawa ya alasiri kwa mwanawe, akipeleka salamu ambazo hakutumwa na upande wowote, na leo tunajua zote alizitunga mwenyewe.

Eckart aliajiriwa kule chini, akavaa joho jeusi na kofia ya mnyongaji, na kila saa alilifungua sanduku lile na kusimulia jinsi watu walivyolia ndani yake, na watalii walikuja kweli, na familia kadhaa za mji huu zilikula kwa kazi ile, jambo ambalo marehemu hakuwahi kulikana. Siku moja ya Desemba 1994 lilikuja basi la wazee, na bibi mmoja mfupi mwenye fimbo akabaki nyuma ya wenzake mbele ya sanduku, akafumba macho, midomo yake ikicheza, kisha akamgeukia mnyongaji.

“Kijana wangu, majina yao unayajua? Wale waliofia humu. Nataka kuwaombea kwa majina.”

Eckart alisema hayajulikani. Bibi akasema, “Basi nipe hata moja,” akangoja, akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, na Eckart, ambaye alikuwa amelifungua sanduku lile zaidi ya mara elfu moja, aligundua kwamba hakuwahi kujiuliza. Alipanda ngazi hadi chumba cha juu akiwa bado amevaa joho, akabisha hodi kwenye mlango wa mama yake, akasema, “Kuna bibi hapa chini anauliza ni nani alifia ndani.”

Marehemu aliondoa miwani. Hakumwambia “nilikuambia.” Alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi aliyokuwa nayo tangu wiki ya kwanza sanduku lilipoletwa, orodha ya mfua vyuma mmoja wa mwaka 1891, aliyetengeneza masanduku manne ya aina ile kwa ajili ya maonyesho ya sikukuu, na alama yake ilikuwa ileile iliyo chini ya mguu wa kulia wa sanduku letu.

“Hakuna aliyefia humo, mwanangu. Kamwambie asiwe na mzigo.” Eckart alipofika mlangoni akamwita tena. “Na nililokwambia ukumbini, kwamba wananihitaji kuliko wewe. Nilikosea. Hilo lilikuwa uongo, na nilijua ni uongo wakati nikilisema.”

Mnyongaji wa Lohenberg alikaa chini kwenye rundo la vitabu, akalia mbele ya mama yake, kisha wakashuka wote wawili kumpa bibi habari, naye akasema, “Asanteni, basi nitamwombea yule fundi wa vyuma.”

Wiki iliyofuata kibao kilibandikwa kwenye sanduku, kikisema lilitengenezwa lini, na nani, na kwamba halijamuua mtu yeyote. Bwana Terhorst alikibandua mara tatu, marehemu akakibandika mara nne, na mwishowe kikaachwa, kwa kuwa watalii walisimama zaidi mbele ya kibao kuliko mbele ya misumari. Mwaka 1998 bwana yule alihama, baraza likamrudishia marehemu nyumba yake, naye hakulitupa sanduku, akasema uongo nao una historia yake na ni vizuri watu wauone umevaa nini.

Asije mtu akadhani kwamba alikuwa mkali kwa wengine na mpole kwake mwenyewe. Mwaka 2003, akiwa na miaka hamsini na tisa, alisoma katika kitabu cha baraza cha mwaka 1431 amri iliyokataza kufua, kunywesha ng'ombe na kuosha ngozi kwenye chemchemi ya juu, “kwa kuwa watu wote wa mji huu hunywa humo,” akakumbuka kwamba kwa miaka arobaini alikuwa amewaambia watoto wa shule kwamba watu wa kale walikunywa pombe tu, kwa sababu maji yao yalikuwa sumu. Aliyapata maneno hayo katika kitabu fulani ujanani, hakuyachunguza, akayarudia. Mama yetu aliugua siku mbili kwa aibu, siku ya tatu akavaa koti, akazunguka shule tano, akasimama mbele ya kila darasa na kusema, “Niliwafundisha wazazi wenu uongo, nimekuja kuuondoa,” na waliokwisha kuwa watu wazima aliwakamata walipokuwa, barabarani, kanisani, na katika foleni ya mkate. Bwana Krahl, mwoka mikate wetu, anakumbuka.

“Bibi Hentschel, hayo nimewasimulia wajukuu miaka yote! Sasa wataniona mimi ni nani?”

“Watakuona babu anayejifunza, hao ni adimu. Waambie leo, mkate ungali moto.”

Alistaafu tarehe 28 Februari 2009, na kazi ikashikwa na Eckart, ambaye alikuwa amesoma, kwa kuchelewa, kozi ileile ya mama yake. Tarehe 9 Mei 2011 alifiwa na mume wake, baada ya kumuuguza nyumbani kwa miezi saba, na baada ya hapo aliendelea kupanda kwenye chumba cha juu kila asubuhi, ngazi themanini na moja, akisema anakwenda kuona kama kuna barua.

Mwezi Septemba 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu, akatibiwa, akapata nafuu, akaacha ngazi lakini hakuacha vitabu, ambavyo aliletewa nyumbani kwa kikapu. Tarehe 30 Oktoba 2023 hali ilibadilika akalazwa hospitali ya wilaya, ambako alihudumiwa na muuguzi Linh, binti aliyezaliwa hapa Saksonia kwa wazazi waliotoka Vietnam, na Jumatatu mchana tarehe 13 Novemba, akimpima presha, Linh alisema ili kumchangamsha, “Bibi una bahati, umekaribia themanini. Zamani watu walikuwa wanakufa na miaka thelathini.”

Irmela, aliyekuwa kando ya kitanda, anasema macho ya mama, yaliyokuwa yamefumba tangu asubuhi, yalifunguka yote mawili.

“Nani kakwambia?”

“Si kila mtu anajua, bibi?”

“Keti, binti yangu.” Linh akaketi, na marehemu, akivuta hewa kwa bomba kati ya kila maneno matatu, alimweleza kwa robo saa nzima kwamba hesabu ile huchanganya wachanga na wazee, kwamba wengi sana walizikwa kabla ya mwaka wa kwanza, lakini aliyevuka utoto na uzazi aliweza kufika sitini, sabini, na kwamba hapa Lohenberg alizikwa bibi asiye na jino hata moja, mwenye nyonga iliyovunjika ikaunga, “na nyonga haiungi, Linh, bila mtu wa kukuletea uji miezi mingi. Walizeeka. Na walikuwa na watu kama wewe.”

Linh alitaka kumrekebishia mto, marehemu akamshika mkono, akasema, “Sasa nenda ukawaambie wenzako,” na Linh akaenda, akawaambia zamu nzima, hata daktari, na alipomaliza kazi alirudi kumpa taarifa kwamba mmoja hajaamini. Marehemu alicheka, na Irmela anasema ndicho kicheko chake cha mwisho. Kesho yake, Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, aliaga dunia, Eckart na Irmela wakiwa pande mbili za kitanda, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, miezi tisa na siku nane.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wote wa hospitali ya wilaya, na kwa namna ya pekee kwa Linh, ambaye ameketi katika benchi la familia kwa sababu hapo ndipo tulipomwomba aketi, na kwa yule mwenzake ambaye hakuamini, ambaye tumeambiwa naye yupo, karibu sana ngomeni, mlango uko wazi kila siku isipokuwa Jumatatu. Tunawashukuru majirani wa mtaa wa nyuma ya kiwanda waliochota theluji mlangoni pake kila msimu wa baridi, wafanyakazi wenzake wa makumbusho, Bwana Krahl aliyeleta mikate ya waombolezaji, mchungaji na kwaya, na hata wale waliopiga kura dhidi yake mwaka 1993 na wamekuja leo na maua, ambao ni wengi, na msomaji ni mmoja wao.

Mama, umewasemea watu wa kale ambao hawakukujua, na sasa ni zamu yetu kukusemea wewe, tutajitahidi tusikuongezee wala tusikupunguze. Lala sasa kati yao, upumzike kwa amani.